Kongwa, siku moja baada ya Mashujaa

Njia panda ya Mbande nimeipita mara nyingi nikiwa safarini kati ya Morogoro na Dodoma, na karibu kila mara nilikuwa usingizini. Kuna kibao cha kwenda Kongwa, kuna nyama inachomwa, kuna vijana wanaokimbilia madirisha ya mabasi na karanga na mayai ya kuchemsha, kisha basi linaondoka. Ilibidi Bamkubwa anipigie simu Julai hii, kabla ya Siku ya Mashujaa, ndipo nikajua huko barabara inakoingia kuna nini.

“Tarehe 25 tunakwenda Mashujaa, tarehe 26 tunakwenda kazini,” alisema. “Uje na viatu vya kazi, siyo hivyo vyenu vya harusini.”

Basi la alfajiri kutoka Msamvu. Dakawa, Dumila, kisha mlima wa kwenda Gairo, ambako Julai baridi inaingia hata kama dirisha limefungwa. Kibaigwa malori ya mahindi yalikuwa yamejipanga pande zote za barabara, tukakaa hapo kuliko nilivyopenda. Baada ya hapo nchi inakauka: mibuyu isiyo na jani, vumbi jekundu, ng'ombe wakivushwa barabara na mtoto mwenye fimbo ndefu kumzidi. Saa sita mchana nilikuwa Nanenane, stendi kuu ya Dodoma, natafuta bodaboda wa kunipeleka Ihumwa kwa Bamkubwa.

“Shikamoo Bamkubwa.”

“Marahaba. Umechelewa. Kikao kinaanza saa tisa.”

Bamkubwa alistaafu jeshini akiwa sajini. Mwaka 1979 alikuwa mmoja wa wale walioingia Uganda kwa miguu, na hilo neno “kwa miguu” hulitamka polepole ili ulisikie vizuri. Tangu astaafu yuko kwenye umoja mdogo wa wapiganaji wa zamani wa hapo mtaani, watu wanaokutana chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba ya mmoja wao. Nilitarajia kukuta wazee wanasimuliana vita. Nilikuta daftari.

Daftari analo koplo mstaafu, mweka hazina. Ndani yake kuna michango ya misiba, zamu za kumtembelea mgonjwa, na nani amesaidiwa kufuatilia karatasi zake za pensheni. Anayechelewa kikao anatozwa shilingi elfu mbili. Siku ile aliyechelewa alikuwa meja mstaafu, na ilinifurahisha kumwona meja mzima akipekua mfuko wa suruali mbele ya koplo huku wenzake wakitazama juu ya mti kana kwamba hawaoni. Wajane nao wamo. Mume akifariki, mke anaendelea na uanachama kwa namba ileile, na mama mmoja alikuwa mkali wa hesabu kuliko koplo mwenyewe.

Ajenda ilikuwa moja: nani anabeba nini kwenda Kongwa kusafisha makaburi ya wapigania uhuru. Majembe manne, fyekeo sita, reki, chokaa ndoo mbili, maji ya kunywa. Walibishana karibu saa nzima kuhusu chokaa.

Usiku wa kuamkia tarehe 25, saa sita kamili, huwashwa mwenge wa kumbukumbu ya mashujaa, na unazimwa saa sita usiku unaofuata. Zamani wazee hawa walikuwa wanahudhuria. Sasa magoti hayataki baridi, kwa hiyo tulilala.

Asubuhi nilimkuta Bamkubwa ameketi ukumbini, kitambaa na kopo la kiwi mbele yake, anang'arisha viatu ambavyo kwa macho yangu vilishang'aa. Anapaka kidogo kwa ncha ya kidole, anatemea mate, anazungusha kitambaa taratibu bila kukandamiza, anasubiri, anarudia. Mkewe, Bamama, akaja na koti la suti na medali zake. Zina pini ndogo ambazo vidole vyake sasa haviwezi kuzifunga, kwa hiyo yeye husimama wima, kidevu juu, pumzi ameibana, na mkewe humfungia. Katikati ya kazi Bamama alimwambia, “Pumua, mzee, hapa hakuna afande.” Hakupumua mpaka medali ya mwisho.

Sherehe za kitaifa za Mashujaa zikiwa Dodoma, siku hizi hufanyika Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Miaka ya nyuma ilikuwa Uwanja wa Mashujaa katikati ya mji. Ni shughuli fupi iliyopangwa kwa dakika, na pengine ndiyo sherehe ya serikali ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haina hotuba nyingi. Gwaride linaingia, tarumbeta ya maombolezo inalia, watu wanasimama kimya. Kisha silaha za jadi zinawekwa kwenye mnara, moja baada ya nyingine: Rais mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale. Viongozi wa dini wanaomba kila mmoja kwa namna yake.

Wazee wangu hayo yote waliyatazama kwa adabu. Walichokisubiri ni shoka. Shoka huwekwa na mwenyekiti wa wapiganaji wa zamani, na mzee yule alipotoka kwenye mstari na kuanza kutembea, nilisikia Bamkubwa anahesabu hatua kwa sauti ya chini, “kushoto, kushoto.” Jamaa aliyekaa mbele yetu alikuwa bado anarekodi kwa simu, mkono juu. Koplo alimgusa begani kwa kidole kimoja. Simu ikashuka.

Kesho yake, coaster ya kukodi. Dereva, Mgogo wa Buigiri, aliwaamkia wazee kwa “Mbukwenyi,” wakamwitikia kwa pamoja, hata Mpare na Mnyakyusa waliokuwemo. Tukapita Chamwino, mbele kidogo mzee mmoja wa siti ya nyuma akaanza habari za bibi yake. Huyu si mwanajeshi wa mshahara, ni mgambo wa vita ya Kagera, ile ya Amin wa Uganda, mkulima wa uwele na zabibu, nitamrudia. Alisema jana katika maombi yote hakusikia mtu akiwataja wapagazi.

Sikumwelewa, akanifafanulia. Waingereza waliiteka Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Kwanza Wajerumani, kisha Waingereza wenyewe, wote walipita Ugogo wakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Mvua nayo ikakataa. Njaa iliyofuata Wagogo wanaiita Mtunya, na iliua maelfu kwa maelfu. Bibi yake alizaliwa ndani ya njaa hiyo na baba yake hakurudi kutoka upagazini. “Kariakoo ya Dar es Salaam mnaiona soko,” alisema, “jina lile ni la watu wa mizigo.” Meja alimwahidi kwamba leo, kwenye kaburi lolote tutakaloombea, wapagazi watatajwa. Koplo akaliandika daftarini kabisa, ili lisisahaulike.

Mbande tukakata kulia, tukaiacha barabara kuu.

Kongwa ni mji mdogo unaobeba historia mbili zilizopandana. Ya kwanza ni karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na matrekta wakitaka kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari za Tanganyika, wasijali kwamba wenyeji wangewaambia bure kuhusu mvua za Ugogo. Ardhi ikakauka ikawa ngumu, mashine zikavunjika, na 1951 mradi ukazikwa pamoja na mamilioni ya pauni. Majengo yakabaki. Ya pili inaanzia hapo hapo. Baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuunda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963 na kuiweka Dar es Salaam, wapiganaji wa kusini walihitaji mahali pa kufanyia mazoezi mbali na mpaka na mbali na macho. Wakapewa Kongwa. Wakaja FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, ZAPU wa Zimbabwe, kila chama na sehemu yake ya kambi. Samora Machel amepita hapa. Wengine walioa hapahapa na wakaacha watoto. Wengine hawakuondoka kabisa.

Mimi nimekulia Morogoro karibu na Mazimbu, ambako ANC walijenga shule, kwa hiyo wapigania uhuru kwangu hawakuwa habari ngeni. Ila Mazimbu nilisoma vibao. Kongwa niliinama.

Makaburi yalikuwa yamezungukwa na nyasi kavu za kufika gotini, na katikati yake miche ya miiba ile inayong'ang'ania suruali. Kazi iligawanywa bila neno. Wenye mgongo mbovu walipewa chokaa, wenye nguvu majembe, mimi kama kijana pekee nikapewa fyekeo na kuonyeshwa mstari wangu. Nusu saa tu kiganja kilikuwa na lengelenge. Bamkubwa alipita nyuma yangu na kuninyang'anya fyekeo mkononi. “Unapigana na majani. Acha uzito wa chuma ufanye kazi.” Akanionyesha: mkono umelegea, kiuno ndicho kinachozunguka, ncha inapita chini karibu na udongo na majani yanalala upande mmoja. Ana miaka sabini na kitu, na alisafisha kaburi zima wakati mimi nahema.

Wakati wa kupumzika nilikaa karibu na yule mzee mgambo. Wakati wa Kagera wanamgambo waliitwa kwa makumi ya maelfu. Yeye alitoka shambani, akafundishwa haraka, akapelekwa mbele, na alivuka Mto Kagera Kyaka baada ya daraja kuvunjwa na majeshi ya Amin. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa njiani, nyuma, na gari la risasi. Vita ilipoisha alirudi Ugogo kulima. Pensheni hana. Kwenye umoja anachangia sawa na meja, na hakuna aliyewahi kumpunguzia, maana alikataa mwenyewe.

Nikamuuliza kilichokuwa kinanisumbua tangu jana. Kwa nini Kongwa? Hawa waliolala hapa hawakuwa wa kikosi chao, wengi walikufa kabla hata ya vita ya Amin, na ndugu zao wako Namibia, Msumbiji, Afrika Kusini.

Hakuwa na haraka ya kujibu. Alikuwa anachomoa miiba kwenye pindo la suruali, mmoja mmoja, anaipanga juu ya jiwe.

“Rafiki yangu yuko Kaboya,” alisema.

Kaboya iko Muleba, mkoani Kagera. Ndiko yaliko makaburi ya mashujaa wa vita ile. Kutoka Dodoma ni safari ya siku nzima na nauli ambayo mkulima wa uwele haitoi mara mbili maishani. Yule rafiki walitoka naye kijiji kimoja, wakaitwa siku moja.

“Sijawahi kufika. Nasikia wanajeshi wa pale wanapafyeka vizuri. Basi. Na mimi nafyeka hapa.”

Meja akaita watu. Tukasimama, wenye kofia wakazivua. Sheikh mmoja wa umoja aliomba kwanza, akafuata mama mjane, na wapagazi walitajwa kama ilivyoandikwa. Koplo alimwonyesha meja mstari kwenye daftari kwa kidole, kana kwamba asingekumbuka. Hakukuwa na tarumbeta. Mtoto wa jirani aliyekuwa anachunga mbuzi alisimama naye, mikono nyuma, mpaka tulipomaliza, halafu akakimbilia mbuzi wake waliokwishaingia kwenye bustani ya watu.

Chakula tulikula Mbande: nyama, ugali, na mlenda kwa waliosisitiza. Ni hapo niliporopoka kwamba Desemba nina harusi ya rafiki Bukoba, hukohuko Kagera. Meza nzima ikanyamaza, kisha wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja. Mzee mgambo aliomba kalamu, akaandika jina la rafiki yake kwenye kipande cha boksi la soda, akakisukuma kwangu kupita sahani.

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa njia. Meja alitaka nipande basi la Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, nishuke Muleba. Bamkubwa akapinga, akasema nipite Mwanza nipande meli, nishuke Kemondo, maana basi litanivunja mgongo. Mama mjane aliuliza nani atalipa tofauti ya nauli. Koplo aliyemaliza ugomvi alikuwa na neno moja tu, na aliniambia huku ananifungia mfuko wa nyama iliyobaki.

“Njia yoyote. Ila Kaboya ni kambi ya jeshi. Usiingie na simu mkononi unapiga picha kama uko mbugani. Ripoti getini, salimia, toa kitambulisho, sema umetumwa na nani.”