Kumbukumbu ya mradi: kusafisha herufi za kivinjari kwenye mashine ya zamani, Kamalondo, Lubumbashi

Jumamosi, wiki ya kwanza

Sekretaria yangu, yaani duka la kuchapa na kufotokopi, ina meza mbili, printa moja na mashine ya fotokopi inayokohoa. Kazi kubwa ni TFC za wanafunzi (kazi zao za kumaliza masomo), barua za kuomba kazi na mialiko ya arusi. Kompyuta ya meza ya pili niliipata ya mtumba kutoka Ulaya: RAM ya GB 4, skrini bapa ya inchi 17 karibu ya mraba, ile ya zamani. Niliiwekea Linux yenye XFCE, dawati jepesi, kwa sababu mfumo iliokuja nao uliichosha. Tangu siku hiyo, yeyote anayekaa pale kusoma kitu kwenye kivinjari cha Firefox anafikicha macho.

Kijana anayenisaidia alisema wazi: "Yaya, bile bintu biko sawa siafu." Yaani herufi ni kama siafu. Ni kweli. Herufi zilikuwa nene upande mmoja, nyembamba upande mwingine, na kivuli cha moshi kando yake.

Nilianza pabaya, kama anavyoanza kila mtu: ndani ya kivinjari. Nilikuza ukurasa hadi asilimia 120. Siafu wakawa siafu wakubwa. Nikaweka kipimo cha chini cha fonti kuwa 16, menyu za tovuti nusu yake zikapandana. Mwishoni nikaondoa ile alama inayoruhusu kurasa zichague fonti zake zenyewe. Hapo maandishi yalitulia kidogo, na mega za intaneti zikaokoka kwa sababu fonti za tovuti hazikupakuliwa tena, lakini vitufe vyote vikageuka visanduku vitupu. Kumbe tovuti nyingi huchora kioo cha kutafutia, kikapu na mistari mitatu ya menyu kwa kutumia fonti, si picha. Ukizikataza fonti umekataza na vitufe. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikafunga duka.

Jumapili usiku

Umeme ulirudi saa tatu, nikakaa.

Kwenye Linux kivinjari hakiamui peke yake sura ya herufi. Kinauliza programu ya fontconfig, "nipe fonti fulani, na uniambie nichore vipi", kisha mchoraji mwenyewe ni FreeType. Kwa hiyo faili la kushika ni `~/.config/fontconfig/fonts.conf`. Niliandika la kwangu: kulainisha kingo: ndiyo; hintingi: `hintslight`; mpangilio wa rangi: `none` kwanza, yaani kijivu kitupu.

Hintingi ni maagizo yanayosukuma mistari ya herufi ikae juu ya pikseli nzima. Kwenye skrini kama hii herufi ya ukubwa wa 16 ina mguu wa upana wa pikseli moja na kitu, na hiyo "na kitu" ndiyo ugomvi wote: uipe pikseli ya pili rangi kidogo, au uikate? Hintingi kamili ya zamani ilikuwa inakata, herufi zikawa kali lakini nafasi kati yake zikaharibika. `hintslight` inasukuma juu na chini tu, upana inauacha jinsi mchoraji wa fonti alivyoutaka. Mimi naipenda hiyo. Wapo wanaoapa kwa ile kali, nao wana macho yao.

Saa nzima nilibadilisha namba bila kuona tofauti yoyote. Nilianza kujidanganya kwamba naona. Halafu nikaendesha `fc-match -v sans` kwenye terminali, nayo ikanipigia kelele ya kosa mstari wa kumi na mbili: nilisahau kufunga alama moja ya `</edit>`. Kumbe faili langu halikuwa linafanya kazi hata kidogo. Niliposahihisha, kweli herufi zilibadilika. Zikawa bora kidogo, lakini moshi ukabaki palepale.

Kwa anayefuata njia hii: ushauri mwingi wa zamani unasema tafuta viraka vya Infinality, marekebisho ya kuongezea juu ya FreeType. Achana navyo. Tangu FreeType 2.7 ya mwaka 2016, sehemu ya maana ya kazi ile imo ndani tayari.

Jumatano

Leo nimejicheka. Nilipiga picha ya skrini kwa programu ya kompyuta yenyewe, nikajitumia kwenye simu ili nimwonyeshe rafiki anayejua mambo haya. Nikaifungua kwenye simu, nikaikuza kwa vidole: herufi safi kabisa. Nikainua macho kutazama skrini ya mezani: moshi.

Picha ya skrini inachukuliwa ndani ya kompyuta, kabla waya haujaguswa. Ikiwa picha ni safi na kioo kinaonyesha moshi, basi kosa liko baada ya kompyuta. Siku nne nilikuwa namtibu mgonjwa asiye na ugonjwa.

Skrini hii ina pikseli 1280 kwa 1024. Kompyuta ilikuwa inaipelekea 1024 kwa 768. Waya wangu wa VGA ni wa bei ya chini, na vijiwaya vyake vinavyobeba taarifa za skrini vimekufa. Kompyuta isipopata taarifa hizo inabahatisha kipimo cha salama, 1024 kwa 768. Skrini nayo inavuta kila kitu kijae: upande inazidisha mara 1.25, urefu mara 1.33. Pikseli nne zinamwagwa juu ya tano. Hakuna fonti duniani inayosalimika hapo, na ndiyo maana hata duara la O lilikuwa kama yai.

Dawa: amri ya `cvt 1280 1024 60` inakupa mstari mrefu wa namba, unaupeleka kwa `xrandr --newmode`, kisha `--addmode VGA-1`, kisha unauchagua. Niliviweka vyote kwenye `~/.xprofile` ili kompyuta isisahau kila umeme unapokatika, maana hapa ni mara nyingi. Halafu nikabonyeza kitufe cha AUTO kwenye skrini yenyewe. Wengi hawajui kinafanya nini: VGA hupeleka picha kama mawimbi, na skrini lazima ikisie pikseli moja inaanzia wapi na inaishia wapi. Ikikisia vibaya, mistari inachafuana. Kwa kujaribu nilichora picha ya mistari myeusi na myeupe ya pikseli mojamoja, nikaijaza skrini nzima. Mpangilio ukiwa mbaya unaona mawimbi yanapita kama kitambaa cha pazia. Ukiwa mzuri ni kijivu kimoja kilichotulia. Ukiwa na picha hiyo mbele yako, ndipo ubonyeze AUTO. Juu ya ukurasa mweupe mtupu skrini haina cha kukisia.

Kijana alipita nyuma yangu, hakusema kitu, akavuta kiti akaanza kusoma habari za mpira. Nimeliandika hilo kama matokeo ya kwanza.

Jumamosi, wiki ya pili

Nimepata waya wa DVI kwa muuza vyuma chakavu vya kompyuta, dola 5, na fundi wa hapo alitaka 10. Kwa DVI kila pikseli inafika na namba yake, hakuna kukisia. Sasa naweza kujaribu rangi.

Kila pikseli ya skrini bapa ni vijiti vitatu vilivyosimama: chekundu, kijani, bluu. Ukiviwasha kimoja kimoja badala ya vyote pamoja, upana wa skrini yangu hauna tena ngazi 1280 bali 3840, na mguu wa herufi unaweza kukaa kwenye theluthi ya pikseli. Microsoft waliitangaza njia yao ya ClearType mwaka 1998 na kuizungushia hataza zilizoisha 2019. Watu wa FreeType hawakungoja: toleo la 2.8.1 la mwaka 2017 lilileta njia yao wenyewe, Harmony. Kwa hiyo leo hakuna cha kujenga upya, ni kubadilisha neno moja kwenye faili: `none` kuwa `rgb`. Nililibadilisha pia kwenye mipangilio ya mwonekano ya XFCE, ili mabwana wawili wasigombane.

Nilijaribu na `bgr`, mpangilio wa kinyume, kwa makusudi. Ukikosea mpangilio, kushoto na kulia kwa kila herufi kunatoka utepe wa rangi unaoonekana wazi, kama chapa ya kitenge iliyosogea. Ukipatia, utepe unazama. Na ukigeuza skrini isimame wima, vijiti vinalala, hesabu yote inavunjika. Hapo rudi kwenye kijivu.

Je, inafaa? Kwa skrini hii ya nukta 96 kwa inchi, ndiyo. Kwenye kompyuta mpya yenye pikseli ndogo sana nisingehangaika.

Jumatatu

Kumebaki ugonjwa mmoja: tovuti fulani, si zote, zina herufi nyembamba zilizobanana. Niliwinda kwa kitufe cha kukagua ukurasa ndani ya Firefox. Zote zinaomba Helvetica kwanza.

`fc-match Helvetica` ikajibu: Nimbus Sans. Iliingia lini? Nilipoweka printa. Ghostscript, programu inayosoma PostScript (lugha ya printa), huja na fonti za URW zinazoshika nafasi ya zile 35 za PostScript, na Nimbus Sans ndiyo mbadala wa Helvetica. Kwenye karatasi ni nzuri, nimechapa nayo TFC ngapi! Lakini kwa herufi ndogo kwenye skrini yangu haitulii. Printa yangu ndiyo iliyokuwa inaharibu kivinjari changu.

Nikaongeza fungu moja kwenye faili: anayeomba Helvetica apewe Liberation Sans, kwa `binding="strong"`. Liberation ilitolewa na Red Hat mwaka 2007 na upana wa kila herufi yake ni sawa na wa Arial, na Arial nayo ilipimwa kwa upana wa Helvetica. Kwa hiyo mistari ya ukurasa haisogei hata moja. Ni sura tu inayobadilika.

Alhamisi

Mteja alitaka nyimbo za kwaya za Kilingala alizozikuta mtandaoni. Kwenye neno *mbɔ́tɛ* ile ɔ́ ilionekana nene kuliko jirani zake, na alama ya juu imeelea pembeni kama kofia ya mlevi. Fonti iliyoombwa na ukurasa haikuwa na ɔ, fontconfig ikaazima kwa nyingine. Tena ɔ́ haina nafasi yake moja kwenye Unicode, orodha ya herufi zote za kompyuta: ni ɔ, kisha alama inayofuata nyuma yake, na fonti lazima ijue kuipandisha mahali pake. Niliweka Noto Sans mbele kwenye orodha ya `sans-serif` na DejaVu Sans nyuma yake. Sasa kofia imekaa. Kwa kitabu kizima cha Kilingala ningechukua Andika ya SIL, iliyochorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma.

Jumamosi, wiki ya tatu

Mwalimu mstaafu anayekuja kusoma barua pepe za watoto wake alikaa meza ya pili. Kwa kawaida huvuta kiti hadi pua iguse kioo. Leo hakuvuta.

"Muliuza ekrani ya mupya?"

(Msomaji wa Dar au Mombasa asishangae: huku kwetu kuuza ni kununua, kile mnachoita kuuza sisi ni kuuzisha.)

Nikamjibu, "Hapana, Papa. Waya tu." Akatazama nyuma ya skrini kana kwamba waya utajieleza.

Faili nimelinakili kwenye flashi. Meza ya kwanza bado ina waya wa VGA, na yule fundi sasa anajua nautaka wa DVI, kwa hiyo safari hii nimemtuma kijana.