Jinsi nilivyopata namba za injini kwenye laptopu, Luano

Mwezi wa Oktoba joto la Lubumbashi ni kali, na uwanja wa ndege wa Luano uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika hewa nyepesi namna hiyo, injini ya ndege ndogo ya Cessna Caravan huruka ikiwa moto kuliko pwani. Kwa injini yake ya PT6A-114A, joto la gesi kati ya tabini, ITT, halitakiwi kupita nyuzi 805 za Selsiasi wakati wa kuruka. Rubani aliporudi akisema sindano ya saa ya ITT ilikaribia mstari mwekundu, nilitaka namba zilizohifadhiwa kwenye kinasa cha injini. Kukisia kuhusu injini ni hatari.

Kinasa kile hutumia RS-232, njia ya zamani ya kutuma data kwa waya, kupitia kiunganishi cha pini tisa, na laptopu za siku hizi hazina tundu hilo. Ndiyo maana tunatumia adapta ya USB.

Ya kwanza, iliyonunuliwa mjini kwa bei nafuu, ilileta alama ya manjano na kosa namba 10 kwenye orodha ya vifaa ya Windows. Chipu ilijitambulisha kama PL2303, na draiva mpya za Prolific, watengenezaji wa chipu hiyo, hukataa chipu bandia na zile za zamani. Niliiweka kando, nikachukua yenye chipu ya kampuni nyingine, FTDI.

Draiva ikakubali, nikafungua PuTTY, programu ya kusoma data inayoingia, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kimya. Hapo wengi huanza kubadilisha kasi, programu na draiva kwa pamoja, mwisho hawajui kilichosaidia ni kipi. Mimi hupima kila kipande peke yake. Nilichomoa waya wa ndege, nikaunganisha pini ya 2 na ya 3 za adapta kwa kipande cha waya mwembamba, nikaandika herufi. Zilirudi kwenye skrini. Nilipotoa waya zikaacha kurudi, na hilo la pili lina uzito uleule, maana programu yenyewe inaweza kukuonyesha unachoandika bila kitu kupita kwenye adapta. Basi adapta ilikuwa nzima.

Nikahamia upande wa ndege na multimita: ncha nyeusi pini ya 5, ambayo ni ardhi, nyekundu kwenye pini nyingine, moja baada ya moja. Waya unaotuma wa RS-232 ukiwa umetulia hukaa kwenye volti hasi, kati ya 3 na 15. Unaopokea huwa karibu na sifuri. Pini ya 3 ilisoma hasi 9, ikitikisika kila kinasa kilipotoa mstari wa namba.

“Iko inasema,” akasema Papa fundi aliyeshika taa, “ni ordinatere ndiyo haisikii.”

Ndivyo ilivyokuwa. Laptopu nayo hutuma kwenye pini ya 3, hivyo wote wawili walisema kwenye waya mmoja na kusikiliza kwenye mwingine. Sikugusa waya wowote wa ndege. Niliweka katikati kiunganishi kinachopishanisha 2 na 3, na mistari ikaanza kushuka kwenye skrini.

Tulipochomeka tena baada ya mapumziko, kishale kikaanza kukimbia chenyewe na kufungua mafaili. Kijana mmoja akasema ni virusi. Hapana. Adapta ikichomekwa wakati kifaa kinatuma, Windows inaweza kudhani namba hizo zinatoka kwenye mausi ya zamani, ikaandika “Microsoft Serial BallPoint” kwenye orodha ya vifaa. Nililizima jina hilo bila kulifuta, kwa sababu ukilifuta hurudi. Sasa tunachomeka USB umeme wa avioniki, yaani vifaa vya elektroniki vya ndege, ukiwa umezimwa, kisha Papa anawasha. Laptopu hutumia betri yake, chaja ikiwa imechomolewa.

Faili lilitoka lote. ITT ya kuruka kwenye safari ile ilikuwa chini sana ya ile rubani aliyoiona kwenye sindano, kwa hiyo Papa fundi akafungua paneli tuanze kukagua saa ya ITT na waya zake.