Noti ya Nne Juu ya Kodi

Kwaya yetu hapa Arua huimba kwa sauti nne ikisindikizwa na adungu, kinubi cha kwetu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kodi (ile ya muziki, yaani noti zinazolia pamoja, si ile inayodaiwa na serikali) ni noti tatu basi: do, mi, so. Kodi ya saba huzaliwa unapoendelea kuruka noti moja moja hadi juu ya so, ukapata do, mi, so, ti. Jina lake halina fumbo, kwa kuwa ukihesabu kuanzia do, ti ni ya saba.

Utamu wake hutokana na msuguano. Kutoka do hadi ti ni nusu toni 11 (nusu toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), yaani imebaki moja tu kuifikia do ya juu, na mi na so zilizo katikati hulainisha ukaribu huo mpaka sikio likasikia jazi ya usiku wa manane. Ishushe ti nusu toni moja iwe ta, nawe umeingia nyumba nyingine kabisa: hiyo ndiyo kodi ya bluzi, yenye hali ya kutotulia, ambayo wapiga bluzi hawaoni haya kuitumia hata kumalizia wimbo.

Kodi inayojengwa juu ya so, yaani so, ti, re, fa, ina mvutano wa aina yake, kwa sababu ti hutamani kupanda kwenye do wakati fa ikitamani kushuka kwenye mi. Itangulize re, fa, la, do, kisha umalizie kwa do, mi, so, ti, na utakuwa umepita njia ambayo wapiga jazi wameikanyaga tangu zamani. Adungu letu, ambalo nyuzi zake zimefungwa kwa ngazi ya do hadi do, hutoa kodi zote hizo tatu bila kugusa kigingi. Ta pekee ndiyo haimo, na ukiitaka lazima uilegeze ti na kuikosa.

Jioni moja niliwaomba wa soprano wamalizie wimbo kwa ti badala ya do. Mzee mmoja wa besi akauliza ni nani aliyekosea. Tulirudia mara tatu, na mara ya tatu hakusema neno, lakini Jumapili tulimalizia kwa do.