Jua la alasiri katika maktaba yetu

Miaka michache iliyopita shule moja ya sekondari jijini Dar es Salaam iliniomba niinusuru maktaba yake, ambayo madirisha yake yote yanatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri wanafunzi walisoma huku wamejikinga uso kwa madaftari. Uongozi ulikuwa umebandika tinti na kushusha mapazia mazito, kwa hiyo taa ziliwaka mchana kutwa wakati nje jua linachoma.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliweka kanopi ya sentimita 60 juu ya kila dirisha, kama nilivyozoea upande wa kaskazini na kusini, ambako jua la saa sita mchana, kwa kuwa tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, halishuki chini ya nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Magharibi mambo ni mengine: ifikapo saa kumi na nusu jua limebakiza nyuzi 30 hivi, na kwa pembe hiyo kanopi yangu ilitia kivuli sentimita 35 tu za dirisha lenye kimo cha sentimita 150.

"Mhandisi," mkuu wa shule aliniambia, "umetuvisha kofia, nalo jua linapita chini yake." (Mimi ni msanifu majengo, lakini siku hizi sisahihishi tena.)

Nikarudi na mbao za wima zenye upana wa sentimita 40, zikiachana sentimita 25, nikazigeuza nyuzi 45 ili ukingo wa nje uelekee kusini. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la jioni haliwezi kupenya. Desemba, linapotua upande wa kusini, hupenya, lakini nilikubali hilo kwa sababu shule huwa imefungwa; kwa miezi inayoizunguka Desemba tuliongeza pazia jepesi.

Fundi alizipaka vanishi ya kahawia, na chumba kikawa pango: kwenye meza za ndani kipimo cha mwangaza kilisoma luksi 90 (luksi ni kizio cha mwangaza), ilhali nililenga 300. Tukabandua tinti na kuzipaka mbao rangi nyeupe isiyong'aa. Zile sentimita 35 za juu, ambazo kanopi ilizikinga tayari, nikaziacha wazi, na chini yake, kwa ndani, nikafunga rafu nyeupe ya kurusha mwanga darini.

Nilipokwenda kupima tena nilipata luksi 280. Meza zilikuwa zimerudishwa dirishani na taa zimezimwa, isipokuwa ile ya kaunta, ambayo mkutubi hakubali izimwe.