Mhubiri wa Mlimani na Uchungu Tuliotoka Nao

Wapendwa katika Bwana, tangu usharika wetu ugawanyike na sisi tulioondoka tuanze kusali chini ya maturubai, jambo moja limekuwa likinilemea, na wiki hii limenizidia: mahubiri yetu yamejaa habari za wale waliobaki na jengo.

Nikiwa na mzigo huo nimeutazama sana mchoro wa George Harvey wa mwaka 1830, The Covenanters' Preaching, unaowaonyesha watu wa Agano wa Uskoti, yaani Wakristo walioapa kulitetea kanisa lao dhidi ya utawala wa maaskofu, katika karne ya 17, wakisikiliza mahubiri mlimani. Mfalme Charles II alikuwa amerudisha utawala wa maaskofu, na kuanzia mwaka 1662 mamia ya wachungaji waliokataa kuutii wakafukuzwa katika sharika zao. Waumini wao wakawafuata nyikani, ingawa sheria ya mwaka 1670 iliweka adhabu ya kifo kwa aliyehubiri katika mikutano hiyo. Walikuwa na malalamiko makubwa kuliko yetu, lakini katika mchoro ule mfalme hayumo, wala askofu. Wamo watu wa kawaida wa mashambani, na Neno wanaloletewa.

Nje ya mchoro, hata hivyo, uchungu ulipata wafuasi. Mwezi Mei mwaka 1679 baadhi ya watu wa Agano walimvamia Askofu Mkuu James Sharp huko Magus Muir, wakamuua mbele ya binti yake. Watu waliozijua Zaburi kwa moyo walifanya hivyo, nao waliamini kwamba wanamtumikia Mungu.

Ndiyo maana nasema nanyi kwa ukali wa upendo. Mtume hakusema uchungu upunguzwe, alisema, "Uchungu wote na ghadhabu na hasira na kelele na matukano yaondoke kwenu." Sisi tumeuacha ukae mimbarani, tumeuita uaminifu, na watoto wetu wanajifunza majina ya wazee tuliokosana nao kabla ya kujifunza majina ya mitume. Tuliondoka kwa ajili ya dhamiri, nami siijutii hatua hiyo. Lakini dhamiri iliyotutoa kule ndiyo inayotudai sasa tunyamaze juu ya ndugu zetu mpaka tuweze kuwataja katika sala.

Basi Jumapili hii, kabla ya mahubiri, nawasihi wazee wetu watuongoze kuwaombea wale waliobaki, kwa majina yao, na mchungaji wao akiwa wa kwanza.