Hela za watu zinapungua

Shangazi kanipigia asubuhi hata chai sijanywa. Shikamoo yangu aliiitikia juu juu. "Baba, hela za watu zinapungua kwenye hii simu." Yeye ni mweka hazina wa kikoba chao, na mimi ndiye niliyejitia fundi nikawatengenezea ukurasa wa michango.

Nikaenda kwake. Kila akibonyeza kitufe cha "Wa mwisho", kinachoonyesha aliyechangia mwisho, jina linabadilika na hesabu inashuka: michango 14, 13, 12. Nikafungua kompyuta pale pale mkekani. `michango.pop()`. Jamani, aibu! Hiyo `pop` haichungulii kilicho mwisho wa arei, yaani ile orodha ya michango, inakinyofoa. Bahati nzuri ilikuwa inanyofoa kwenye nakala iliyo simuni tu. Daftari kule kwenye seva lilikuwa zima.

Haraka haraka nikaandika `michango[-1]`, mazoea ya lugha ya Python hayo, ambako `-1` ni wa mwisho. JavaScript, lugha niliyoandikia ukurasa huu, haikulalamika. Kwake `-1` si "hesabu kutoka nyuma", ni jina la kitu inachokitafuta ndani ya arei na hakimo. Kwenye kioo ikatokea undefined, yaani hakuna kitu.

"Huyu nani tena? Hatuna mwanachama huyu."

Nikaweka `michango.at(-1)`, inayomsoma wa mwisho bila kumnyofoa, ambayo ndiyo naipenda: fupi, inasomeka. Kwenye kompyuta yangu safi kabisa. Kwenye simu ya Shangazi, kitufe kikafa ganzi. `at` iliingia kwenye kivinjari cha Chrome toleo la 92, mwaka 2021, na kwenye kile cha Safari ilisubiri 15.4, mwaka 2022. Kivinjari cha Shangazi hakijasasishwa tangu anunue simu, maana kusasisha "kunakula bando". Siwezi kubishana na hilo, bando silinunui mimi.

Basi nikarudi kwenye ya wazee: `michango[michango.length - 1]`. Inachosha, jina lile lile mara mbili, na ile kutoa moja lazima uikumbuke kwa sababu kuhesabu kunaanzia sifuri: wakiwa 14, wa mwisho yuko namba 13. Ila inafanya kazi hadi kwenye simu zilizopasuka kioo. Nikaongeza na sharti la arei tupu, mwezi ukianza bila mchango yule mwanachama undefined asirudi.

Shangazi akabonyeza mara tano, akihesabu kwa sauti. Kumi na nne. Kumi na nne. Akaridhika, akanipa chai na vitumbua.

Nilipoinama mlangoni kuvaa viatu, nikamsikia anabonyeza tena.