Sendoff ya dada na fremu 25

Hii ilikuwa kipindi deki za DVD zimeanza kufa majumbani, ya kwetu pale Temeke ilikuwa haisomi diski mpaka uipige kibao, basi mama mdogo akasema jamani kabla haijazima kabisa hizi video za sendoff ya dada yenu ziwekwe kwenye flashi. Diski zilikuwa mbili. Moja ya mpiga video wa hapahapa mjini, nyingine ya binamu yetu wa Houston alokuja na kamera yake, akarudi nayo huko akachoma DVD akatutumia.

Tukapeleka Kariakoo kwa kijana mmoja hivi, bei poa, jioni flashi iko tayari. Ya binamu ikacheza fresh. Sasa ile ya kwetu, kamera inapozunguka taratibu toka meza kuu kwenda kwa wakina mama wanaoserebuka, mama mdogo akauliza, "We mwanangu, mbona shangazi yako anacheza kama ana kwikwi?" Na kweli bana, alikuwa anashtukashtuka.

Nikarudi kwa kijana. Akanambia, "Bro kamera yenu ilikuwa kimeo, mbona hii nyingine iko poa, na setingi nimeweka zilezile?" Sikubishana, ila hilo la setingi zilezile likanikaa kichwani.

Nyumbani nikafungua faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video, nikasimamisha pale shangazi anazungusha mtandio, nikawa nabonyeza E, hiyo inasogeza fremu mojamoja, yaani zile picha zinazopishana haraka zikawa video. Mtandio ukasogea, ukasogea, ukasogea, ukasogea, ukasogea, halafu ukaganda. Naendelea, vilevile, kila ya sita ni marudio tu ya iliyopita. Nikaweka diski yenyewe: kingo za mtandio zina mistari mistari kwasababu video ni ya intaleisi, yaani kila fremu ni nusu mbili za picha zilizopigwa kwa kupishana, lakini hakuna fremu iliyojirudia hata moja. Kamera ya watu ilikuwa nzima kabisa!

Ishu ni kwamba huku kwetu tulikuwa tunatumia PAL, mfumo wa video za TV, fremu 25 kwa sekunde, picha ya nukta 720 kwa 576, mambo yaliyoanzia kwenye umeme wa hezi 50. Marekani umeme wao ni hezi 60, walikuwa na mfumo wao wa NTSC, 720 kwa 480, fremu 29.97, zamani ilikuwa 30 kamili ila mwaka 1953 walivyopitisha mfumo wa rangi wakaishusha kidogo. Kijana yeye kalazimisha zote ziwe 30. Ya binamu toka 29.97 hata ukodoe macho huoni kitu, ila ya kwetu programu inatakiwa kuongeza fremu 5 kila sekunde na haina pa kuzitoa, ndo inarudiarudia zilizopo. Watu wanaona namba kubwa wanajua ndo kwaliti, wakati fremu ambayo kamera haikupiga hata Kariakoo haiuzwi.

Nikakopi mafaili ya VOB, yaani ya video yaliyo kwenye DVD, nikayapitisha HandBrake, programu ya kubadilisha video, ile mistari nikaiondoa kwa deintaleisi, kwenye fremu reiti nikachagua ibaki kama chanzo, nikaweka iwe konstanti, yaani isipandepande wala kushuka, basi, ya 25 ikatoka 25 na ya 29.97 ikatoka hivyohivyo. Laptopu ikaunguruma usiku kucha, bahati umeme haukukatika.

Mama mdogo kile kipande cha shangazi alikirudisha nyuma sijui mara ngapi, safari hii anacheka. Shida ikawa baba mkubwa, yeye alitaka faili moja tu aangalie mfululizo asihangaike na rimoti. Nikamwamkia kwanza, nikamweleza, baba mkubwa nikiziunganisha hizi kwa fremu reiti moja, lazima moja ifuate fremu za mwenzake, tunarudi kulekule kwenye kwikwi. Akasema sawa mwanangu nimekuelewa, ile nimegeuka tu namsikia anamwambia mama mdogo huyu kijana kazi imemshinda, mrudisheni yule wa Kariakoo.